Waliotoka Kisiwa cha Karafuu: Asili ya Watu wa Ternate, Ufilipino

Kama umewahi kufanya kazi Dubai, Doha au Maskati, Wafilipino unawajua. Kuna nesi wa zamu ya usiku, kuna dada wa mapokezi hotelini, kuna fundi umeme mnayegawana naye chumba na jiko. Kwenye kitambulisho jina lake ni Garcia, au Reyes, au De la Cruz. Sura ni ya watu wa Asia. Ukimpitishia chumvi anakushukuru: "Salamat." Unabaki unajiuliza: jina la Kihispania, shukrani yenye harufu ya Kiarabu, huyu mwenzangu katokea wapi?

Jibu la mkato, kwamba Wafilipino wamechanganyika, ni la kweli na halisaidii kitu. Nani asiyechanganyika? Kazi iko kwenye kujua nani alikutana na nani, lini, na kwa nini alama zilizobaki leo zinapotosha mara nyingi kuliko zinavyoelekeza. Kwa nchi yenye visiwa zaidi ya 7,000 na lugha zaidi ya mia moja, jambo hilo halimalizwi kwa makala. Basi nichukue mji mmoja tu.

Mji wenyewe ni Ternate, mkoani Cavite, kwenye mdomo wa Ghuba ya Manila upande wa kusini. Una watu elfu ishirini na kitu, wengi wao wakitegemea bahari na ardhi. Mto unashuka kutoka Maragondon na kuingia baharini hapo hapo mjini, milima imesimama nyuma, na mbele majini kinaonekana kisiwa cha Corregidor. Ufukweni wamepanga bangka, mitumbwi yenye mbao mbili za pembeni zinazoizuia isipinduke. Mvuvi wa Bagamoyo akiiona ataiita ngalawa na hatakuwa mbali na ukweli, maana wataalamu wengi wa vyombo wanaamini ufundi huo wa mbao za pembeni ulifika kwetu na mabaharia waliotoka pande hizo za Asia, jamaa za wale waliokwenda kukaa Madagaska.

Jina la mji halikuanzia hapo. Ternate ya kwanza iko Indonesia, zaidi ya kilomita 1,500 kusini: kisiwa kidogo katika Visiwa vya Maluku ambacho karibu chote ni mlima mmoja wa volkano, Gamalama. Msomaji wa Pemba na Unguja ana deni huko. Mkarafuu kwa asili ulikuwa ukiota katika visiwa vichache tu duniani, na Ternate ni kimojawapo. Karibu mwaka 1770 Wafaransa waliiba miche na kuipeleka Morisi, na mwanzoni mwa karne ya 19 mikarafuu ikawa imefika Zanzibar. Kisiwa hicho, basi, kilitoa karafuu upande mmoja na watu upande mwingine. Karafuu tunazijua. Watu ndio hawa wa Cavite.

Wareno walifika Maluku mwaka 1512, miaka 14 tu baada ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi, na mwaka 1522 wakaanza kujenga ngome Ternate. Walitaka karafuu, na kwa karafuu walifanya mambo ya aibu. Mwaka 1570 walimuua Sultani Hairun wakati walikuwa wamekwisha patana naye. Mwanawe, Babullah, aliizingira ngome yao hadi 1575 wakasalimu amri na kuondoka. Wengine walihamia kisiwa cha jirani, Tidore. Kisha mwaka 1606 Wahispania walikuja kutoka Manila na kundi kubwa la meli chini ya Gavana Pedro Bravo de Acuña, wakaiteka Ternate, wakamchukua Sultani Said mateka hadi Manila. Mwaka uliofuata Waholanzi nao wakajenga ngome yao kwenye kisiwa hicho hicho. Fikiria kisiwa ambacho mtu anaweza kukizunguka kwa miguu, na mataifa mawili ya Ulaya yanatunishiana misuli humo kwa zaidi ya miaka hamsini.

Chini ya kuta za ngome kama hizo ndipo ilipokua jamii tunayoitafuta. Waliitwa Wamardika. Neno hili ni ndugu wa *merdeka*, ambalo leo kwa Kimalei na Kiindonesia maana yake ni uhuru, na mzizi wake ni wa Kisanskriti. Katika bandari za Wareno, mardika alikuwa mtu asiye mtumwa wa mtu, mara nyingi aliyeachwa huru au mtoto wa aliyeachwa huru, aliyebatizwa, na aliyeishi na kupigana upande wa ngome. Hapo ndipo watafutaji wengi wa asili wanapojikwaa. Wanataka kujua Wamardika walikuwa kabila gani, na neno lenyewe halikutaja kabila. Lilitaja hadhi. Watu wa pwani yetu wanalielewa hili upesi kuliko wengine, kwa sababu hata mwungwana hakuwa kabila; ulikuwa ukiulizwa wewe ni mwungwana au la, na jibu halikusema babu yako alizaliwa wapi.

Kwa hiyo ndani ya neno moja walikaa watu wa namna nyingi. Huko Batavia, Jakarta ya leo, Wamardika wengi walikuwa na asili ya Bengal na pwani ya Coromandel nchini India. Wale wa Ternate walikuwa zaidi watu wa visiwa vya Maluku na majirani zake, pamoja na watoto waliozaliwa na Wareno, na yeyote ambaye biashara ya utumwa ilikuwa imemtupa pale. Kilichowafunga pamoja ni kanisa, ngome, na lugha ya Kireno kilichovunjwavunjwa ambayo kila mmoja aliweza kuongea na mwenzake. Mchanganyiko, kwa maneno mengine, ulikwisha kupikwa kabla hawajapanda chombo kwenda Ufilipino.

Walipandaje chombo? Kwa sababu ya vita ambavyo havikupiganwa.

Mapema mwaka 1662 Koxinga, kamanda wa Kichina aliyekuwa na jeshi kubwa la majini, aliwafukuza Waholanzi Taiwan. Hakupumzika. Alimtuma padri wa Kidominiko, Vittorio Riccio, kwenda Manila na barua ya kudai Wahispania wamlipe kodi, la sivyo atakuja mwenyewe. Gavana Sabiniano Manrique de Lara alihesabu askari wake akaona hawatoshi. Akaamuru vikosi vilivyotawanyika kusini vyote virudi kuulinda mji mkuu, ikiwa ni pamoja na vile vya Ternate na vya Zamboanga, mji wa kusini mwa Ufilipino. Koxinga alifariki Juni mwaka huo huo, hata tanga halijapandishwa. Amri lakini ilikwisha toka, na kufikia 1663 ngome za Maluku ziliachwa. Wamardika, ambao wangebaki kati ya sultani waliyempinga na Waholanzi waliowachukia, waliondoka na Wahispania. Idadi inayotajwa mara nyingi ni familia 200.

Nani hasa walishuka kutoka katika meli hizo? Wamardika hawakuwa peke yao. Kikosi cha Kihispania cha Ternate kilikuwa kimelishwa kwa askari kutoka Manila tangu 1606, na wengi wa askari hao walikuwa Wafilipino, hasa watu wa Pampanga waliokuwa na sifa ya kupigana. Walioitwa Wahispania nao, tuwe waangalifu na neno hilo. Manila ilitawaliwa kupitia Meksiko. Meli kubwa za Acapulco, bandari ya Meksiko, zilivuka Pasifiki kuanzia 1565 hadi 1815, na askari waliokuja nazo walikuwa zaidi wa Meksiko kuliko wa Hispania: machotara, watoto wa Wahindi Wekundu, watu wenye damu ya Afrika, wengine wafungwa waliopewa bunduki badala ya pingu. Mtu wa Ternate anaposema babu yake alikuwa askari wa Kihispania, huenda anasema kweli, na huenda babu huyo hakuwahi kuiona Hispania.

Wageni hao walikaa kwanza karibu na Manila. Baadaye walipewa makazi kwenye mdomo wa mto wa Maragondon, mahali ambapo wavamizi kutoka kusini walipenda kupita. Walizungukwa na Watagalogi, wenyeji wa eneo la Manila na Cavite, na hapo damu iliendelea kuchanganyika kwa njia ya kawaida isiyoandikwa na mwanahistoria: kijana wa huku anaoa binti wa kule, mchuuzi wa Kichina anafungua duka na hatimaye anazaa na mwenyeji. Mjesuiti Pedro Murillo Velarde, katika historia aliyoichapisha mwaka 1749, aliwataja Wamardika hawa, na akaeleza kwamba walikuwa na lugha yao, na tena walijua Kihispania na Kitagalogi. Miaka themanini na kitu ilikuwa imepita tangu wafike, na bado walionekana ni watu wa peke yao.

Sasa tuje kwenye mitego. Wa kwanza ni majina.

Tarehe 21 Novemba 1849 Gavana Narciso Clavería alitoa amri kwamba kila familia iwe na jina la ukoo la kudumu. Alikuwa amechoshwa na daftari za kodi: watu walijiita kwa majina ya watakatifu, ndugu wa tumbo moja wakawa na majina tofauti, na nusu ya kijiji ikawa De la Cruz. Dawa yake ilikuwa kitabu cha majina elfu sitini hivi, yaliyopangwa kwa alfabeti. Yalikuwemo majina ya Kihispania, na yalikuwemo maneno ya Kifilipino ya mimea, mahali na tabia. Kurasa ziligawiwa mikoa, mikoa ikagawia miji, na mkuu wa familia alichagua katika ukurasa uliofika kwao. Ndiyo maana katika mji wa Oas, mkoani Albay, majina ya ukoo mpaka leo yanaanza kwa R kupita kiasi. Familia iliyoweza kuonyesha kwamba imetumia jina lake kwa vizazi vinne iliruhusiwa kubaki nalo.

Kwa hiyo Garcia wa Dubai hana sababu ya kudai babu wa Andalusia, na hana sababu ya kumkana. Jina lake linatuambia jambo moja kwa uhakika: kwamba karani wa karne ya 19 alihitaji kujua nani amelipa kodi. Nimeona watu wakijenga miti mizima ya ukoo juu ya jina la namna hii. Ni kama mtu adai ukoo wa Kiingereza kwa sababu babu yake alibatizwa George.

Lugha ni shahidi mzuri zaidi, ingawa naye ana ukaidi wake. Watu wa Ternate wanasema aina ya Kichabakano, lugha iliyozaliwa kwa kukutana kwa Kihispania na lugha za Ufilipino. Maneno yake mengi yana asili ya Kihispania. Lakini mtazame kitenzi. Kwa "ninakula" wanasema *ta kome yo*, kwa "nilikula" *ya kome yo*, kwa "nitakula" *di kome yo*. *Kome* ni neno la Kihispania la kula, na *yo* ni mimi. Kitenzi chenyewe hakibadiliki hata kidogo. Kazi yote inafanywa na kineno kilichowekwa mbele. Mswahili asisikie *ta* akadhani ni wakati ujao, huko inataja wakati uliopo. Tena mtendaji anakuja baada ya tendo: "ninakula mimi". Hivyo ndivyo lugha za Ufilipino zinavyopanga sentensi. Tofali ni za Kihispania, ramani ya nyumba ni ya mwenyeji.

Humo ndani mna pia kineno *na*, chenye maana ya "katika", ambacho kinafanana na Kireno kuliko Kihispania. Vitu kama hivyo vilimfanya mtaalamu wa lugha Keith Whinnom, mwaka 1956, aandike kwamba Kichabakano chote, pamoja na kile cha Zamboanga chenye wasemaji wengi kuliko vyote, kilitokana na lugha waliyokuja nayo watu wa Maluku. Ilikuwa hoja tamu: jamii ya watu wachache, wakimbizi, mama wa lugha nzima. Wataalamu waliofuata wameipunguza nguvu. Zamboanga iliachwa mwaka 1663 na ngome yake ikajengwa upya kuanzia 1718, kwa hiyo mnyororo wa moja kwa moja una pengo, na mengi katika lugha hizi yangeweza kuzaliwa Manila na Cavite kwenyewe, ambako askari, mafundi wa meli na wachuuzi walikutana kila siku. Mimi naegemea upande wa hao wa pili. Sioni kwamba hilo linaiondolea Ternate heshima. Kichabakano cha Ermita, mtaa wa Manila, kilikufa baada ya mtaa ule kuteketezwa kwa vita Februari 1945, na hiki cha wavuvi bado kinasemwa.

Kuna neno jingine, la Wafilipino wote, linalotuhusu sisi zaidi. Watoto wa vijijini huonywa wasicheze jioni chini ya mti mkubwa kwa sababu juu yake anakaa *kapre*: jitu refu jeusi, lenye manyoya, linalovuta sigara kubwa gizani. Ukiona cheche juu ya mwembe usiku, ni yeye. Kapre ni *cafre* ya Kihispania, na cafre ni *kafiri* yetu. Waarabu waliwaita hivyo watu wa bara la Afrika wasio Waislamu, Wareno wakalichukua likawa jina la mtu mweusi wa upande wa Msumbiji, na meli za Wareno zikalifikisha Manila pamoja na watu wenyewe. Antonio de Morga, aliyekuwa afisa mkubwa Manila na kuchapisha kitabu chake mwaka 1609, anaorodhesha miongoni mwa bidhaa za meli za Kireno zilizotoka Malacca na India watumwa, wakiwemo makafiri hao. Wengine walibaki, wakafanya kazi majumbani na bandarini, Cavite ikiwa ndiyo bandari kuu ya meli za Acapulco. Damu yao iliyeyuka kati ya watu. Jina lao likapanda mtini likawa zimwi. Sijui kama kuna aina ya kumbukumbu iliyo chungu kuliko hiyo.

Na vipimo vya vinasaba? Mwaka 2021 timu ya Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, wakishirikiana na jamii za Ufilipino kwenyewe, ilitoa matokeo ya watu 1,028 kutoka jamii 115. Waligundua mawimbi yasiyopungua matano ya wahamiaji katika miaka 50,000, mengi yakiwa yamefika muda mrefu kabla ya Mzungu yeyote. Damu ya Ulaya waliikuta kwa watu wachache kuliko majina yanavyodokeza: baadhi ya wakazi wa miji ya tambarare, baadhi ya Wabikolano wa kusini mwa kisiwa cha Luzon, na baadhi ya wasema Kichabakano. Mwaka huo huo walionyesha kwamba Waayta Magbukon, wenyeji wa kale wa Bataan, ng'ambo ya ghuba ukiwa umesimama Ternate, wana urithi wa Wadenisova, binadamu wa kale waliokwisha toweka, mwingi kuliko watu wowote waliowahi kupimwa. Yaani wakati familia za Maluku zinashuka na masanduku yao mwaka 1663, upande wa pili wa maji walikuwepo watu ambao mababu zao walikuwa hapo maelfu na maelfu ya miaka.

Lakini kipimo nacho kina mipaka yake, na ni mipaka ya hesabu ya kawaida. Tangu 1663 vimepita vizazi kama 14. Ukirudi vizazi 14 kila mtu ana nafasi zaidi ya 16,000 za mababu, na mmardika mmoja kati ya hao anaweza asiache hata chembe inayopimika kwa mjukuu wake wa leo. Mjukuu huyo anaweza kuwa hana damu yake na bado anasema lugha yake, anaimba katika sikukuu yake, na anaishi katika mji wenye jina la kisiwa chake.

Sikukuu hiyo ni ya Santo Niño, sanamu ya Yesu akiwa mtoto, ambayo wenyeji wanasema ilikuja na mababu zao kutoka Maluku. Wanaiita *Tatay Niño*. *Tatay* ni baba kwa Kitagalogi, *niño* ni mtoto kwa Kihispania, Baba Mtoto. Mgeni huona ni kichekesho. Aliyelelewa katika nyumba ambamo kitoto cha miaka miwili kinaitwa "babu" kwa sababu kimerithi jina la babu, hatacheka sana.

Na lugha yao? Vitabuni inaitwa Kichabakano cha Ternate. Wenyewe wanaiita *Bahra*. Ni neno la Kihispania *barra*, fungu la mchanga kwenye mdomo wa mto, kwa maana mji kabla ya kuitwa Ternate ulijulikana kama Barra de Maragondon. Mji umebeba jina la kisiwa walichokiacha, na lugha imebeba jina la mchanga walioshukia.